Zawadi za Krismasi za bei nafuu na michezo ya watoto Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunirudia kila mwaka shule zinapofungwa na mvua za vuli zinapoelekea ukingoni, mengi yakiulizwa na wazazi wa watoto ninaowafundisha siku za Jumapili hapa Tanga mjini. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Palipo na jibu lililokwisha kutolewa, nimemwelekeza msomaji huko badala ya kulirudia.

## Kabla ya kununua

Nimekwisha kuwanunulia watoto nguo za sikukuu. Je, bado ninapaswa kutoa zawadi nyingine?

Hupaswi. Katika nyumba nyingi nguo mpya ndiyo zawadi yenyewe, na mtoto aliyekwenda kanisani na gauni lake jipya na viatu vinavyong'aa hana anachokudai.

Hata hivyo, nguo ya sikukuu huvaliwa asubuhi, na ikifika saa nane mchana imekwisha kuvuliwa ili isiingie mchuzi. Tangu hapo hadi usiku mtoto hana shughuli ila kuzunguka jikoni akiulizia soda. Kwa sababu hiyo ninashauri kuwe na kitu kimoja cha kuchezea, hata kama ni kidogo na ni cha nyumba nzima, kisiwe cha mtoto mmoja mmoja.

Zawadi ya bei nafuu iliyo nzuri hutambulikaje?

Mimi hutumia kipimo kimoja: je, kitu hiki kinahitaji mtu wa pili ili kichezwe? Kamba ya kuruka, bao, drafti, karata, mpira na gololi vyote vinahitaji mwenza, na mwenza ndiye anayekifanya kitu kichezwe mpaka Februari. Kitu kinachojichezea chenyewe huku mtoto akikitazama huchosha mapema.

Nililijifunza hilo kwa gharama. Mwaka mmoja nilimnunulia mwanangu gari la betri lenye taa na king'ora, nikalilipia zaidi ya nilivyopanga, na likakata pumzi kabla pilau haijashuka jikoni. Boksi lake ndilo lililochezwa kwa wiki mbili: lilikuwa basi la kwenda Korogwe, kisha duka, kisha kitanda cha paka.

Nitenge kiasi gani cha fedha?

Anza na Januari, siyo na Desemba. Shule zikifunguliwa kuna daftari, sare, viatu na michango, na fedha hiyo inapaswa kuwekwa kando kwanza. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo, ndicho cha zawadi.

Kisha usikigawe sawa kwa vichwa. Tuseme una watoto wanne na shilingi 20,000. Ukimpa kila mmoja kitu cha 5,000, utapata vitu vinne dhaifu. Ukitenga 12,000 kwa mchezo mmoja madhubuti wa wote, na 2,000 kwa kila mtoto kwa kitu chake mwenyewe cha kushika mkononi, kama gololi, kibanio cha nywele au penseli za rangi, utakuwa umetumia fedha ileile na nyumba itakuwa na mchezo wa kweli.

Ni wapi na lini panapofaa kununua?

Mapema, kwa kuwa wiki ya mwisho kabla ya tarehe 25 bei huwa haishuki na muuzaji hana haja ya kukubembeleza. Barabara za Ngamiani na soko la Mgandini zina vitu vingi vidogo vya watoto. Ukiungana na jirani au ndugu mkanunua kwa dazeni kwenye duka la jumla, kila mmoja atapata nafuu.

Wapo pia watu wawili ambao wazazi huwasahau. Wa kwanza ni seremala, ambaye ana vipande vya mbao visivyomfaa kitu. Wa pili ni fundi cherehani, ambaye mwezi Desemba sakafu yake imejaa mabaki ya vitenge. Ukiwaendea mwanzoni mwa mwezi, kabla hawajazidiwa na kazi za sikukuu, watakupa kwa bei ndogo au hata bure.

## Zawadi kwa kufuata umri

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu apewe nini?

Apewe vitu vikubwa kuliko mdomo wake. Mpira laini wa kitambaa uliojazwa mabaki ya vitenge, vikombe vya plastiki vinavyoingiana, sufuria ndogo na mwiko, au chupa ya plastiki yenye mchele ndani iliyofungwa kwa nguvu ili iwe kayamba, vyote vinamtosha. Umri huu hauijui bei. Kuhusu vitu vya kuepuka, tazama sehemu ya usalama.

Wa miaka mitatu hadi sita je?

Hawa wanapenda kuigiza wakubwa. Seti ya kujipikilisha haihitaji kununuliwa dukani: vifuu viwili vilivyosuguliwa vikawa laini, ungo mdogo, kibuyu na kipande cha khanga ya zamani cha kujifunga vinatosha kufungua mgahawa chini ya mwembe. Mwanasesere wa kitambaa, kapu dogo la ukili na penseli za rangi pamoja na karatasi zilizoandikwa upande mmoja tu navyo vinafaa sana.

Wa miaka saba hadi kumi na mbili?

Huu ndio umri wenye utajiri mkubwa wa michezo, na ndio ninaousisitiza. Mtoto sasa anaweza kufuata kanuni, kuhesabu, kushindwa bila kulia sana na kumfundisha mdogo wake. Bao, drafti, keram, ludo, karata, gololi, pia ya kuzungusha, tiara (yaani kishada), kamba na mpira vyote ni vyake. Ikiwa una fedha ya kitu kimoja tu, nunua au tengeneza ubao wa mchezo wa kukaa. Namna ya kuutengeneza imeelezwa katika sehemu inayofuata.

Kibubu cha mbao nacho ni zawadi nzuri kwa umri huu, kwa sharti kwamba mzazi hatakivunja mwezi Machi kwa shida zake. Watoto hawasahau.

Na kijana wa miaka kumi na tatu na kuendelea, anayedai kuwa midoli ni ya watoto?

Mpe kitu chenye heshima ya utu uzima. Uanachama wa maktaba ya mkoa, pampu na viraka vya kuzibia pancha za baiskeli (baiskeli zikiwa ni nyingi kama zilivyo katika mji huu, hatakosa wateja), tetea mmoja wa kufuga, au mche wa mchungwa wa kupanda uani. Mpe pia madaraka: awe mwamuzi wa michezo ya wadogo siku hiyo, mwenye filimbi na daftari la pointi. Nimeona vijana waliokuja wamenuna wakaondoka sauti imekauka kwa kupiga filimbi na kuhukumu mabao.

## Zawadi za kutengeneza nyumbani

Ninawezaje kupata bao bila kununua lile la kuchongwa?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Bao la kuchongwa na fundi ni ghali, lakini mchezo hauhitaji uzuri wa mbao. Trei mbili za mayai zikikatwa na kuunganishwa hutoa mistari minne ya mashimo manane bila shida. Ufukweni wa Raskazone maji yakiwa yametoka, mashimo huchimbwa kwa ngumi katika mchanga mbichi, na hiyo haigharimu kitu.

Kete zenyewe ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa, zinazotoka katika maganda yenye miiba kwenye vichaka vya pwani. Nenda nazo nyumbani, uzioshe, uzihesabu pamoja na watoto. (Uwaonye mapema: kila mtoto wa pwani anajua kwamba komwe ikisuguliwa kwenye sakafu ya saruji hupata moto, na ndugu yake ndiye atakayebandikwa nayo shingoni.) Zikikosekana, kokoto za ukubwa mmoja zinafaa.

Kwa anayeanza, usiingie katika namu na nyumba, ambazo ni kanuni za mchezo kamili. Weka kete mbili katika kila shimo. Mchezaji huchukua kete za shimo lake moja na kuzisambaza mojamoja. Ya mwisho ikitua katika shimo lake la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolitazama nalo likiwa na kete, huzila hizo na kuzisambaza upande wake. Aliyeishiwa kete mstari wa mbele ameshindwa. Mtoto wa miaka minane huielewa michezo miwili ikiisha, na kufikia mwaka mpya babu atamhitaji kwa mchezo kamili.

Drafti je?

Ni rahisi zaidi. Kipande cha boksi gumu, rula na kalamu ya wino mzito hukupa miraba 64, nane kwa nane. Kila mchezaji ana kete 12, nazo ni vizibo vya soda: vya mmoja vielekee juu, vya mwingine vielekee chini. Anayeingia kingi hubebeshwa kizibo cha pili mgongoni. Anza kukusanya vizibo tangu mwanzo wa Desemba, kwani siku ya sikukuu vinapatikana vingi lakini umechelewa.

Kamba ya kuruka ya katani inafaa kweli?

Inafaa, na Tanga hatuna sababu ya kununua ya plastiki. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893, na pwani hii ndiko kilimo chake kilikoanzia, hivyo kamba ya katani huuzwa madukani kwa urefu utakao. Ya mtoto mmoja ikunjwe katikati, akanyage pale ilipokunjwa kwa mguu mmoja, na ncha zimfike kwapani. Ya kurushwa na watu wawili huku wengine wakiingia na kutoka iwe mita nne au tano.

Katani ina tabia mbili za kuzingatia. Huchoma viganja, kwa hiyo zungushia ncha zote mbili kitambaa cha kitenge na ukishone. Pia ikiwa mpya ni kavu na hujikunja. Iloweke maji usiku mmoja, kisha uinyooshe juani kwa kuifunga kati ya miti miwili. Usiposhona kitambaa, watoto watacheza kwa dakika kumi na kuiacha, nawe utadhani hawakuipenda.

Gari la makopo linatengenezwaje, na je, si zawadi ya kimaskini?

Unahitaji kopo au dumu dogo la plastiki, waya, na ndala zilizochakaa. Magurudumu hukatwa katika soli ya ndala kwa kufuatisha mzunguko wa kizibo kikubwa, yakatobolewa katikati na kupitishiwa waya au kijiti kinyoofu. Usukani ni waya mrefu unaopanda hadi mkononi, ili mtoto aliendeshe akiwa amesimama. Mtu mzima ndiye akate kopo, na kingo zote zikunjwe kwa ndani kwa koleo.

Kuhusu umaskini, nimewahi kumwona mtoto mwenye gari la dukani akimwomba mwenzake abadilishane na la makopo, kwa sababu la makopo lilikuwa na usukani. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Tiara hurushwa Desemba?

Ndiyo, kwa kuwa kaskazi huanza kuvuma wakati huo. Chukua chelewa mbili madhubuti kutoka kwenye fagio, zifunge msalaba, zungushia uzi, bandika karatasi nyepesi kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kisha ongeza mkia wa vipande vya kitambaa. Tiara ikizunguka kama kichaa, mkia ni mfupi. Ikigoma kupanda, mkia ni mzito. Irushwe ufukweni au uwanja wa wazi, mbali kabisa na nyaya za umeme, na ikinasa kwenye nyaya iachwe hukohuko.

Zawadi ifungwe kwa nini kama sitaki kununua karatasi?

Ifungwe kwa mabaki ya vitenge yaliyotajwa hapo juu, au gazeti na ukanda wa ukili. Kitambaa kina faida ya kutumika tena: mwaka unaofuata mtoto hulitambua fundo.

## Michezo ya siku yenyewe

Watoto ni wengi na umri wao haulingani. Wacheze nini?

Kombolela humchukua kila mtu: mmoja hulinda kopo, wengine hujificha, na anayefanikiwa kulipiga teke kopo huwakomboa waliokamatwa. Wadogo huwa washirika wa wakubwa, wawili wawili.

Rede nayo ni ya mchana kutwa. Wawili hurushiana mpira kutoka pande mbili, na wa katikati hujitahidi kujaza chupa mchanga bila kupigwa. Mpira uwe wa soksi iliyojazwa vitambaa. Kwa wadogo kabisa, ukuti na kidali po vinatosha. Mdako, wa kurusha kokoto juu na kuzoa nyingine shimoni kabla haijashuka, ni wa wale waliochoka kukimbia, na kwa uzoefu wangu shangazi hushinda.

Mvua ikinyesha au umeme ukikatika?

Hapo ndipo bao, drafti na karata hulipa. Giza likiingia, zima hata simu na mtege vitendawili. Mkubwa aseme "Kitendawili!", watoto waitikie "Tega!", na asiyejua atoe mji. "Nyumba yangu haina mlango" kila mtoto anaijua kuwa ni yai. Kwa hiyo mpe kila mmoja wiki nzima kabla ya sikukuu akatafute kipya kwa bibi yake. Kipya ndicho kiwe mchango wake wa Krismasi.

Atakayeshinda apewe zawadi?

Kitu kidogo cha kula, chungwa kwa mfano, na liliwe palepale. Tuzo ya fedha huleta ugomvi.

## Usalama

Vitu gani niviepuke kabisa?

Kwanza ni midoli yenye betri ndogo bapa za mviringo ambazo mlango wake haukufungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili tu, hivyo mtoto apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja aonyeshe dalili na bila kumtapisha.

Pili ni chochote kinachopita ndani ya kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni, ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani. Kipimo hicho kinazikataa gololi, komwe na vizibo, kwa hiyo wakubwa wachezee mezani na wahesabu wanapomaliza. Puto lililopasuka nalo liokotwe lote.

Tatu ni mapambo na kayamba zenye mbegu nyekundu zilizo na doa jeusi. Zinapendeza, lakini mbegu hiyo ikitafunwa ni sumu kali. Fataki na manati sivioni kuwa zawadi za watoto, hata kama jirani amenunua.

Midoli ya mitumba inafaa?

Inafaa, na mara nyingi ni imara kuliko mipya. Ioshe kwa maji ya sabuni, ianike juani, vuta macho na vifungo kwa nguvu uone kama vinang'oka, na ukague mahali pa betri kama nilivyoeleza katika jibu lililotangulia.

## Hali za pekee

Watoto wa majirani Waislamu hushinda kwangu siku hiyo. Niwape zawadi?

Katika mtaa wetu sahani za pilau huvuka ua siku ya Idi kama zinavyovuka siku ya Krismasi, na watoto hawaulizi zimetoka wapi. Zungumza kwanza na mama yao kwa adabu, kwa kuwa wapo wasiopenda watoto wao wapewe zawadi kwa jina la sikukuu hii, na hiyo ni haki yao. Mchezo wa pamoja uani hauna utata huo.

Wapwa wamefika ghafla kutoka Dar es Salaam, nami sikuwahesabu.

Hii ndiyo faida ya mchezo wa wote uliotajwa katika swali la fedha. Weka pia akiba ya vitu viwili vitatu vidogo, kama kamba fupi na pakiti ya gololi. Visipotumika, vitafaa siku ya kuzaliwa ya mtu.

Mwanangu haoni. Ni mchezo gani utamfaa?

Bao, bila shaka, kwa kuwa mashimo na kete husomwa kwa vidole. Utaratibu wa haki ni kwamba kila mchezaji ataje kwa sauti shimo analoanzia na idadi anayokula. Vitendawili na mpira wenye kokoto ndani unaosikika unapobingirika navyo humweka katikati ya mchezo, siyo pembeni.

Mwaka huu nyumba ina msiba. Watoto wanyimwe sikukuu?

Ngoma na fataki zitasubiri, lakini michezo ya kukaa haivunji heshima ya msiba, na wafiwa wadogo wanaihitaji. Muulize mkubwa wa familia, kisha uwaandalie watoto kona yao chumbani.

Kete zikianza kupotea, mchezo umekwisha?

Zitapotea, nyingine chini ya kabati na nyingine mfukoni mwa mgeni. Unapookota komwe za bao, usiishie 64. Okota 70, na zile sita ziweke juu ya kabati ambako hata mwamuzi mwenye filimbi hafiki.